Ya Kulia Hailii

Redio ya baba haikuwa ya kuguswa. Nasema redio kwa mazoea ya nyumbani kwetu Pasiansi. Kwa kweli ilikuwa amplifaya nzito ya rangi ya fedha na spika mbili zilizonifika kifuani, alizozinunua enzi akiwa ofisa wa shirika la pamba. Mama, Msukuma wa Kisesa, aliiita "ledio". Baba, Mhaya aliyesoma, alimsahihisha kila mara, na kila mara mama alirudia "ledio" makusudi, huku akicheka. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Shirika lilipouzwa, baba akapunguzwa kazini. Alikuwa na kiti chake karibu na dirisha linalotazama ziwa, na ofisi yake ikahamia pale. Akawa mtu wa kunyamaza. Majirani walipita uani wakimwamkia. Wengine waliitikiwa, wengine waliachwa waende zao kama hawakusema kitu. Maneno yakaanza: kazi hana lakini anaringa, Wahaya bwana! Hata sisi watoto tulicheka. Baba naye alikuwa na lake. "Siku hizi watu wananong'ona," alimwambia mama. "Nilipokuwa na gari la shirika walikuwa wanapaza sauti." Aliamini kwamba hata sauti za watu zilikuwa zimempunguza.

Kaka yangu hakuwa wa kucheka na hayo. Aliacha shule kidato cha tatu akakimbilia Dar kufanya biashara, na siku anaondoka baba alimtolea maneno makali. Tangu hapo hawakuwa wamesemezana. Krismasi moja akarudi kwa treni, jinzi mpya, boksi kubwa amelikumbatia. Akasimama mlangoni, upande wa kulia wa kiti cha baba.

"Shikamoo, baba."

Baba alikuwa anatazama ziwa. Hakugeuka. Kunyimwa marahaba na baba yako mzazi, mbele ya dada yako, na boksi la zawadi mkononi, ni aibu ambayo sijui niieleze vipi. Mama akatoka jikoni akapaza sauti, "Mzee, mwanao amefika!" Hapo ndipo baba alipogeuka. "Aa, umekuja," akasema, akampa mkono. Marahaba haikutoka.

Ndani ya boksi kulikuwa na kompyuta ya gemu, ile aina ya kibodi nene iliyobeba kila kitu tumboni, ambayo unaichomeka kwenye televisheni. Vitu vya namna hiyo vilikuwa vimejaa Kariakoo baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Kaka alisema ni ya kwetu wadogo, lakini mimi nilikuwa nimemsikia jikoni akimwambia mama, "Nataka tu mzee aone kwamba sikupotea." Alichotaka ni baba aseme "vizuri", basi.

Picha haikusumbua. Waya ulichomekwa palipokuwa pa antena, tukaizungusha stesheni mpaka vigari vikatokea. Sauti ya televisheni yetu ndiyo ilikuwa imechoka. Jumapili, tuliporudi kutoka misa, kaka akaenda kusimama mbele ya baba kabisa, akasema, "Baba, naomba tuiunganishe na redio." Nikajua leo patachimbika.

"Unganisha," baba akasema.

Na akainuka mwenyewe. Waliigeuza amplifaya pamoja, wakapiga magoti nyuma yake, vichwa vikikaribia kugusana. Kaka alimenya waya kwa meno, akaugawa matawi mawili ili sauti iende spika zote mbili. Baba akakata plasta na kufunga maungio, akimwonyesha tundu lipi ni lipi. Walikuwa wanaongea mambo ya pini na waya tu, lakini walikuwa wanaongea. Mama alisimama na mwiko mkononi, akasahau ndizi jikoni.

Kaka akawasha. Vigari vikanguruma sebule nzima hadi vioo vya kabati vikatetemeka. Baba akarudi kwenye kiti chake, akasikiliza, akakunja uso.

"Ya kulia hailii," akasema.

Tulicheka, tukidhani anatania. Kaka akaenda kutega sikio kwenye spika. "Inalia, baba."

"Hailii. Sauti yote inatoka kushoto."

Kaka akabadilisha waya, wa huku akaupeleka kule. Baba akatikisa kichwa. "Bado. Ya kulia hailii."

Sisi sote tuliisikia ikilia. Nikamtazama mama, mama akanitazama, tukaona tumeelewa: mzee ameamua kutoridhika. Kaka aliinama akachomoa waya mmoja mmoja. "Hata nikileta nini," alinong'ona akipita upande wa kulia wa baba. Baba hakumjibu. Kesho yake kaka alipanda treni. Kompyuta ilirudi kwenye boksi, na mama akaitandikia kitambaa cha kufuma.

Miaka ikapita kabla baba hajaanza kusumbuliwa na kizunguzungu. Hospitali, daktari alimpima masikio kwa kijichuma kinachovuma, akasema sikio la kulia lilikufa siku nyingi, na mtu wa sikio moja husikia kila sauti kama inatoka upande wa sikio linalosikia. Tulirudi nyumbani. Mama ndiye aliyesema, tukiwa bado mlangoni: "Ya kulia hailii."

Baba alicheka kwanza. "Kumbe redio yangu nzima!" Kisha akamgeukia mama. "Siku ile mwanetu alipofika, alinisalimia?"

"Alikusalimia."

"Wote mlisikia?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Baba akakaa kitini kwake, na jioni akaniambia, "Mpigie kaka yako. Mwambie marahaba."

Nilikwenda posta kupiga simu. "Baba anasema marahaba," nikamwambia.

"Marahaba ya nini?"

"Ya Krismasi ile."

Nikamweleza yote. "Kwa hiyo sasa ni sikio," akasema. Halafu sauti ikalegea: "Nitakuja." Lakini leo kulikuwa na mzigo bandarini, kesho mtoto anaumwa, na sisi hatukumhimiza, kwa sababu baba alikuwepo na tulimwona kama wa kudumu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tuliishi na mtu nyumba moja tukaona ni kiburi, na hata tulipojua ukweli hatukuwa na haraka.

Kaka alikuja mwishoni mwa miaka ile ya tisini, mvi zimeshaanza. Hakusalimia mlangoni. Aliupita upande wa kulia, akazunguka kiti, akapiga magoti kushoto kwa baba, akaweka mdomo karibu kabisa na sikio.

"Shikamoo, baba."

Baba akamtazama kwa furaha, akamshika mkono, akasubiri. Kaka akarudia kwa sauti, na mara ya tatu alipiga kelele hadi mama akajifunika uso kwa khanga. Baba akagusa sikio lake la kushoto kwa kidole, akatabasamu kama anayeomba radhi.

"Ya kushoto nayo hailii, mwanangu."