Siku Kazi Zilipokuja Chuoni

Majina yao wote ninayo kichwani. La mwanangu, la mjukuu wangu, la yule mama wa kiwandani, hata la msichana aliyetucheka njiani. Sitayaandika, maana wengine bado wapo hapa mjini na sikuwaomba ruhusa. Lakini mambo yenyewe nitayasema kama yalivyokuwa.

Tulikuwa tunakaa Igogo, nyumba yetu imebanwa na mawe makubwa huku na huku. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani sabuni imerudi, sukari imerudi, na ukingoni mwa ziwa viwanda vya minofu ya sangara vinaota kama uyoga. Wakati huohuo vya zamani vinafunga milango. Mwanangu alikuwa karani katika ghala la pamba la ushirika. Kila msimu pamba inapungua ghalani, lakini yeye kila asubuhi anapiga pasi shati lake anakwenda.

Binti yake, mjukuu wangu wa kwanza, alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, hapahapa mjini. Chuo chao mwaka wa kwanza wanasoma wote pamoja, ukiisha kila mmoja anachagua njia yake: uhazili au ufundi wa maabara. Baba yake alishamchagulia. Uhazili. Msichana akijua kupiga taipu, alisema, serikali haikosi kumpa ofisi. Mjukuu hakubisha. Ila nilikuwa namwona anasonga ugali huku macho yake yapo dirishani, nikajua moyo wake haupo kwenye taipu, wala wenyewe haujui uende wapi. Na muda wa kuchagua ulikuwa unakaribia, na ukishachagua huko hakuna kurudi.

Basi siku moja akaja na habari.

"Baba, Jumamosi kuna siku ya waajiri chuoni. Viwanda, benki, hospitali, wote wanakuja ukumbini kueleza kazi zao. Nataka kwenda."

Baba yake alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Yaani mnapelekwa mnadani? Watawafungua midomo wawatazame meno?"

"Tunakwenda kuuliza tu, baba."

"Mwaka wa kwanza unauliza nini? Hiyo ni ya wanaomaliza. Sikiliza, mwanangu. Mimi kazi sikuitafuta, kazi ilinitafuta. Nilimaliza masomo, nikakaa hapa kwa bibi yako nakula viazi, wakaniita. Jina langu lilibandikwa ukutani. Na wewe subiri zamu yako."

Hakusema uongo. Enzi zake ukimaliza chuo unapangiwa kazi, unapanda gari unakwenda ulikopangiwa. Sisi wote tulijua hivyo, tukadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Nikasema, "Mimi nitamsindikiza." Mwanangu akanitazama, lakini mama ni mama, hakunikatalia.

Sasa nieleze nilichokuwa nawaza, msinicheke. Mimi nimesoma ngumbaru tu, ile ya watu wazima, kusoma na kuandika. Niliposikia watu wanakuja kuwatazama vijana ili wawachukue, nikajua jambo hilo nalifahamu: ni posa. Na kwetu Usukumani binti akija kutazamwa hasemi. Anayesema ni shangazi au bibi. Tena huendi mbele ya watu mikono mitupu. Nikajaza kikapu michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika juani, nikavaa kitenge changu cha kanisani, tukatoka.

Njiani kwenye mawe tukakutana na binti wa jirani, mwaka wa tatu uhazili, amevaa viatu vya kisigino.

"We mdogo wangu, mwaka wa kwanza unakwenda kuwapa nini?" akasema. "Na bibi naye anaajiriwa?"

"Wakinitaka nitakubali," nikamjibu. "Mshahara tutaelewana."

Akacheka, tukaongozana.

Ukumbini nilisimama mlangoni nikatazama. Maisha yangu yote kazi nilikuwa naijua iko nyuma ya geti, na getini kuna askari, na ukutani kuna kibao: HAKUNA KAZI. Mwanangu mwingine, mdogo wake huyu karani, alisimama kwenye mageti hayo ya Kirumba na Pasiansi mpaka soli zikaisha. Leo kazi zenyewe zimetoka nje. Zimeketi kwenye meza zilizotandikwa vitambaa, na nyuma ya kila meza kuna mtu anasema, "Karibuni, ulizeni." Hakuna aliyeuliza sisi ni wa nani. Niliona kama mlima umeshuka kuja kumsalimia mtu.

Kwenye meza ya kiwanda cha samaki alikuwa mama mmoja wa makamo, koti jeupe, mabuti ya mpira. Mbele yake kuna chombo cheusi chenye shingo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja." Nikaweka kikapu mezani. "Hii ni michembe kidogo, ya kwenu. Binti mwenyewe ni huyu. Mtulivu, anaamka mapema, hana makuu, na kwao hawana ugonjwa wa kurithi."

Yule mama alishika mdomo, mabega yakacheka.

"Bibi, mimi sikuja kumwoa! Michembe napokea, asante sana. Lakini nataka kusikia sauti yake mwenyewe."

Watu wa meza ya jirani nao wakacheka, na mimi nikacheka, nikarudi nyuma. Mjukuu akabaki mbele peke yake, anakunja kona ya kitambaa cha meza. Nikaomba kimoyomoyo aseme chochote.

"Hicho chombo ni cha nini?" akauliza.

"Hadubini. Tazama."

Akainamia. Kisha yale maswali! Samaki anapimwa wapi, kabla ya barafu au baada? Akikutwa na vijidudu anakwenda wapi? Wazungu wanaonunua wanajuaje kwamba tumepima? Msichana anaruhusiwa? Kwa wiki nzima nyumbani hasemi maneno kumi, hapo anamwaga kama mvua ya masika. Yule mama akawa anajibu, na wakati mwingine anasema, "Hilo ndilo tunalohangaika nalo."

Kisha akaniita na mimi nitazame. Lilikuwa tone la maji ya ziwa. Maji hayohayo niliyochota, niliyofulia, niliyowaogeshea watoto wangu wote. Nikaona yana watu wake. Wadogo, wanapita, wanageuka, kila mmoja na safari yake. Nikaondoa jicho, nikasema, "Mungu wangu," nikarudisha tena. Wengine nyuma yangu wakasubiri. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama tone lile.

Ndipo binti wa jirani akafika na vyeti vyake. Yule mama akavisoma kwa heshima.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Ila mwaka huu tumenunua kompyuta, wapiga taipu hatuchukui. Anayejua maabara ningemchukua hata kesho. Ulikuja mwaka jana?"

"Hapana. Nilidhani ni siku ya wanaomaliza."

Hakuna aliyemcheka. Akakaa kwenye kiti kando yangu, akavua kiatu kimoja, tukala michembe. Nilimhurumia sana. Huyu hakushindwa masomo. Alifika kuuliza njia wakati safari imeisha. Ndiyo maana wajukuu wangu wote waliofuata niliwaambia: siku hiyo nenda ukiwa mgeni wa chuo, bado huna cha kuonyesha, maana ndipo bado una cha kubadilisha.

Jioni mwanangu akarudi, akavua shati akalitundika.

"Haya, wamekununua bei gani?"

"Baba, nataka kuchukua maabara," mjukuu akasema. Sauti ilikuwa ileile ya ukumbini. "Nimemuuliza na mtu wa serikali, alikuwepo ukumbini. Kupangiwa kazi kumekwisha. Hawabandiki tena majina."

Mwanangu akageuka kwangu, kama mtu anayetaka mama yake aseme si kweli. Nikasema, "Hata mimi nimemsikia."

Akakaa.

"Hiyo maabara," akauliza, "inanuka samaki?"

"Inanuka."

"Mimi nimenuka pamba miaka yote na hamjafa." Akasugua magoti yake. "Nenda kachukue maabara."

Mjukuu akainuka kumshukuru, akapiga goti. Baba yake akamshika mkono akamwinua, lakini mkono hakuuachia.

"Hao watu," akamuuliza polepole, "mwakani wanakuja tena?"

"Wanakuja, baba."

"Mtu mzima, mwenye kazi yake bado... naye anaweza kwenda kuuliza?"

"Anaweza," mjukuu akasema. "Tutakwenda wote."