Dakika Kumi Mbele ya Kamera Iliyozimwa

Kila Jumapili baada ya ibada simu yangu hulia. Anayepiga ni mwanamke aliye ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Sijawahi kumwona. Ananiuliza jambo moja tu: mtoto wake alizikwa wapi. Nami niliambiwa. Nilisimama hatua tatu tu mbele ya mtu pekee aliyejua, akaeleza kila kitu, na leo sina hata neno moja la kumpa mwanamke huyo.

Niieleze habari hii kwa mpangilio, maana kupanga habari za watu ndiyo kazi yangu. Natengeneza filamu fupi za maisha ya kila siku hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa: kinyozi wa sokoni, mafundi wa mitumbwi, akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Sina ofisi, sina bosi. Nina kamera moja, betri moja iliyochoka, na kiburi kingi. Nikimaliza filamu naiweka kwenye flash disk, nawapa wafanyabiashara wa mashua, nayo inavuka mpaka kambini. Huko watu wanakaa kuangalia mitaa waliyoikimbia. Kwa ajili hiyo nilijiona mtu wa maana.

Mama aliyejua habari ya kaburi alikuwa mkamuaji wa mawese mwisho wa mji. Alitoka vilima vya juu ya Fizi, vita vilipowafukuza. Siku ile ya kukimbia, binti yake, huyu anayenipigia simu, alitangulia na watoto wakubwa, yeye akabaki nyuma amembeba mjukuu mchanga mwenye homa. Binti alifika ziwani, akavuka. Mama akashuka Baraka siku ya tatu, mgongo mtupu. Mtoto alikuwa amefia njiani, na bibi yake alimzika peke yake, kwa mikono yake, mahali fulani kati ya Fizi na hapa.

Binti alijua kwamba mtoto amekufa. Mahali hakujua, kwa sababu mama yake alikataa kabisa kumtajia kwa simu.

"Mambo ya kaburi hatusemake ku telefone," aliniambia. "Muntu anapashwa kuona uso ya mwenye alizika."

Ndiyo maana alikubali nimpige picha. Sharti lake lilikuwa moja: nikishamaliza mambo yangu ya mawese, nimchukue kwa kamera akizungumza na binti yake, kisha niipeleke flash ng'ambo. Nilikubali upesi. Mimi huwa nakubali upesi.

Nilimchukua tangu asubuhi. Niliipenda mikono yake, iliyokuwa na rangi ya mawese mpaka kwenye viwiko. Uso wake sikuujali. Wageni wakija huku wanatafuta nyuso zinazolia, nami nilitaka kuonyesha kwamba najua zaidi yao. Ilipofika saa kumi betri ilikuwa imebaki kidogo sana, na mafuta yalikuwa bado hayajapanda juu ya maji ndani ya pipa. Hiyo ndiyo picha niliyoingoja siku nzima: mafuta mekundu yanapanda, jua la jioni linayapiga.

Hapo ndipo alipotoka nyumbani. Alikuwa ameoga, amevaa kikwembe chake, kitenge cha kanisani, na kitambaa kipya kichwani.

"Niko tayari, mutoto wangu. Chukua sasa."

Ningeweza kumwomba angoje kesho, nikaichaji betri sokoni. Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini sisi wa kamera tuna ujanja wetu wa kuwaridhisha watu wanaotaka picha tusizozihitaji. Unainua kamera, unafumba jicho moja, unazungusha lenzi kwa makini, bila kurekodi chochote. Taa nyekundu ya kamera yangu nilikuwa nimeiziba kwa plasta siku nyingi, isiwashtue watu, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kujua. Nilijiambia nitarudi wiki ijayo nimchukue kweli.

Alisimama mbele yangu kama dakika kumi. Alisema kwa Kibembe, lugha ya mama yangu mzazi, lugha ninayoielewa vizuri. Alinyoosha mkono kuelekea vilimani. Alihesabu kitu kwa vidole. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kikwembe, akaendelea. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye pipa. Nilikuwa namwomba Mungu amalize kabla jua halijashuka. Huo mkono naukumbuka, na vile vidole, na mwanga ulivyokuwa. Maneno hayakuingia.

"Sasa nimetua muzigo," alisema alipomaliza. Akanishukuru, akaingia ndani kubadilisha nguo. Nami nikaipata picha yangu ya mafuta.

Wiki iliyofuata sikurudi, nilikuwa naunganisha filamu. Wiki ya pili aliugua kuhara, siku mbili tu, akafa. Filamu ilionyeshwa mjini Bukavu na watu wakaipigia makofi, hasa pale mafuta yanapopanda. Niliyapokea makofi yale nikicheka.

Kisha simu ikalia kwa mara ya kwanza. Binti alikuwa amepewa namba yangu na mtu wa mashua.

"Mama aliniambiaka ashasema yote mu kamera yako," alisema. "Mi ninangoya tu."

Nilimjibu kwamba kadi ya kamera iliharibika. Akanihurumia mimi.

"Usijisumbue, kaka. Vita iliharibu bintu mingi."

Nilijichukia kiasi cha kushindwa kukaa, na bado sikusema ukweli.

"Lakini we ulikuwa pale," akaongeza. "Ulisikia. Alisema wapi?"

Nikasema sikumbuki vizuri. Akanisihi nijaribu, hana haraka. Tangu hapo nimepanda njia ya Fizi mara nne kwa miguu, bila kamera. Kila rundo la mawe nasimama. Alihesabu nini kwa vidole vile? Vijito? Miti? Siku? Narudi nyumbani na vumbi tu.

Naye kila Jumapili ananiuliza kwa upole uleule: "Kaka, umekumbuka?" Nasema bado. Anasema ataniombea.

Jumapili iliyopita simu haikulia. Nilikaa nayo mkononi mpaka jioni, na kitu nilichokisikia moyoni, Mungu anisamehe, kilikuwa furaha.