Kurasa Mbili za Clotilde

Kila asubuhi Symphorien alifungua duka la fotokopi karibu na soko la Likasi, akawasha kompyuta kama umeme upo, akaanza kuandika majina ya wafu. Hakuna aliyemwona akihuzunika wala akicheka. Wateja walisema, huyu Papa Symphorien amekuwa kama ukuta. Hawakumsema vibaya. Walijua mke wake, Clotilde, alifariki mwaka juzi, na mtu akifiwa hivyo anaachwa apumue.

Kazi yake yenyewe ilikuwa hii: tovuti ya matangazo ya matanga. Familia inaleta jina la marehemu, picha, nyumba ya kilio iko wapi, na siku ya kuzika. Ndugu walio Lubumbashi, walio Kolwezi, hata walio Ulaya, wanaandika jina kwenye mtandao na kupata habari. Alianza miaka saba nyuma akiwa na tovuti moja ya kompyuta, yenye picha kubwa na historia ndefu ya marehemu. Baadaye, alipoona watu wa mtaa wa Kamatanda wananunua vifurushi vidogo vya intaneti na kurasa zake haziwafungukii, akatengeneza tovuti ya pili ya simu, yenye anwani yake. Humo kulikuwa na jina, mahali na siku, basi. Nyepesi kama karatasi.

Kwa hiyo kila marehemu alikuwa na kurasa mbili.

Mwenzake dukani, Hadassa, mama wa makamo mwenye sauti inayofika barabarani, ndiye aliyelianzisha jambo hili.

"Papa Symphorien, bantu banalalamika. Unaandika jina ya mufu ku enternet, tunatokea chini kabisa. Ku lundi mama moja alitafuta matanga ya ndugu yake mukubwa, akapata duka ya viatu mbele yetu."

"Duka ya viatu?"

"Viatu! Siye tuko nyuma ya viatu."

Mtu mwingine angecheka. Symphorien alitikisa kichwa tu.

Hadassa akaeleza, maana alikuwa amesoma wiki nzima. Mtambo wa kutafuta mtandaoni siku hizi unasoma kwanza ukurasa wa simu, na ukurasa wao wa simu ulikuwa mtupu, mistari mitatu. Historia yote ya marehemu ilibaki kule kwenye kompyuta. Tena wanaotuma kiungo kwa ndugu zao, nusu wanatuma cha simu, nusu cha kompyuta, hivyo nguvu inagawanyika na hakuna ukurasa unaopanda. Dawa ni tovuti moja inayojikunja yenyewe kulingana na kioo: kwenye simu inakuwa nyembamba, kwenye mashini, yaani kompyuta, inatanuka.

"Na bantu ba Kamatanda?" Symphorien aliuliza. "Ukurasa mukubwa unakula mega zao."

"Tunapunguza picha. Picha moja kidogo, njo basi. Mufu haiko na lazima ya picha kumi."

Symphorien alirudi kwenye kompyuta. Akasema, "Sawa." Alisema sawa kwa mambo mengi mwaka ule.

Kuunganisha tovuti mbili si kubonyeza mara moja. Unachukua kila marehemu, unaweka kurasa zake mbili kando kwa kando, unaangalia kama zinasema neno moja, unabakiza moja, kisha anwani ya zamani unaielekeza kwenye mpya ili anayeifuata asigonge ukuta. Walikuwa na wafu mia tisa na zaidi. Waligawana kwa herufi. Hadassa alichukua tangu A hadi K, lakini C aliiruka, akamwachia yeye bila kusema kitu.

Siku ya nne Symphorien akafika kwa Clotilde.

Hakuwa amezifungua kurasa zake tangu zilipoandikwa. Aliweka zote mbili kwenye kioo. Picha ilikuwa ile ile, Clotilde na kitambaa cha kijani. Kwenye ukurasa wa simu: mazishi, Ijumaa. Kwenye ukurasa wa kompyuta: mazishi, Jumamosi.

Alitazama neno lile. Hakusikia kitu kifuani. Alikunywa chai, akakuta haina sukari, akaendelea kuinywa.

Walimzika Ijumaa. Mwanzoni familia ilisema Jumamosi, wamngoje mjomba wa Kananga. Jumatano jioni mjomba akafika mapema, wazee wakakaa, wakasema Ijumaa. Na Jessica, dada mdogo wa Clotilde, alifika kutoka Kolwezi Jumamosi na shada la maua, akakuta viti vya plastiki vinapakiwa kwenye gari. Alisimama uani akisema mbele ya watu wote kwamba Symphorien amemficha siku ya kumzika dada yake. Tangu siku ile hakumsemesha tena shemeji yake. Symphorien naye hakujibu, wala hakujiuliza imekuwaje. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, na aliyefiwa na mkewe, kwao, hashiki kazi wala simu mpaka kilio kiishe.

"Maman Hadassa," aliita. "Ile siku, nani alibadirisha tarehe?"

Hadassa aliweka karatasi chini polepole.

"Minye. Jeudi asubuhi, pale pale ku matanga, nilibadirisha ku simu. Ile ya mashini nilingojea courant. Courant ilirudia lundi." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Lundi tulikuwa tumemaliza kuzika. Nikasahau. Na nilipokumbuka, niliogopa kukuambia."

Alhamisi ile umeme haukuwapo, ukarudi Jumatatu. Walikuwa wakifanya vile siku zote: simu kwanza, mashini umeme ukirudi. Kwa wafu mia tisa haikumdhuru mtu waliyemjua.

"Jessica anatumika ku bureau," Symphorien alisema. "Anatazama ku mashini."

"Njo vile."

Hakumkasirikia. Alitafuta hasira mahali inapokaa, akakuta pametulia. Akaandika Ijumaa kwenye ukurasa mpya, akaufuta wa simu, akaelekeza anwani zote mbili kwenye ule mmoja. Akajaribu kwa simu, ukafunguka mwembamba. Akajaribu kwa kompyuta, ukafunguka mpana. Neno likabaki moja pande zote.

Kisha akampigia Jessica.

"Nani?"

"Ni minye, Symphorien."

Nyuma ya Jessica mashini ya kuchapa karatasi ilikuwa ikilia.

"Andika jina ya Clotilde ku mashini yako."

"Kwa nini?"

"Andika tu, Jessica. Tafazali."

Akasikia vidole vyake vikibonyeza herufi. Akangoja.

"Naona vendredi," alisema Jessica, akiisoma ile Ijumaa. "Minye nilionaka samedi. Nilitazamaka jeudi, saa kumi na moja ya magaribi, ilikuwa samedi! Bote banasema niko mwongo!"

"Hauko mwongo. Tulikuwa na kurasa mbili. Moja tulisahau. Ni siye njo tulikosa."

Symphorien alidhani mazungumzo yataishia hapo. Lakini Jessica akauliza jambo ambalo ukurasa haukuweza kulijibu.

"Na weye, haukuniita. Niko muntu ya kutafuta habari ku site? Niko ndugu yake."

Symphorien alitazama vidole vyake. "Sikuita mutu hata moja, Jessica. Nilikaa ku mkeka. Nilisema bote bataona ku site."

Jessica alikuwa analia kidogo, kwa mbali, kama mtu aliyegeuza uso.

"Nitakuya samedi," alisema mwisho. "Utanipeleka ku kaburi."

"Samedi."

"Usibadirishe."

"Sitabadirisha."

Jumamosi hakufungua duka. Saa moja asubuhi alikuwa tayari amesimama mahali mabasi ya Kolwezi yanaposhusha watu, ingawa basi la kwanza linafika karibu na adhuhuri. Bado hakusikia kitu kifuani. Mikono tu ndiyo haikujua iwekwe wapi, akaitia mfukoni, akaitoa, akaitia tena. Basi lilipoingia, Jessica alishuka wa tatu, na maua. Symphorien alinyoosha mikono akayapokea.