Waliobaki Kwenye Rejista

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, koti la marehemu mjomba, na imani kwamba ualimu ni kazi ya kupitishia muda. Hedimasta wa shule moja ya msingi upande wa juu wa mji wa Litein alinipa darasa la saba, mkondo wa pili. Nusu walikuwa watoto wa wenyeji wenye mashamba madogo ya majani chai. Nusu walitoka kwenye kambi za shamba kubwa, watoto wa wachumaji waliohamia kutoka upande wa ziwa.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba ukiita jina na mwenyewe hayupo, mwenzake wa dawati anamjibia. "Ana malaria, mwalimu." "Amebaki kuchuma majani, mwalimu."

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, vita vya kikabila vikatufikia. Kwa wiki nzima moshi uliopanda bondeni haukuwa wa kiwanda cha chai. Jumatatu shule ilipofunguliwa niliita majina kumi na tisa ya watoto wa kambini bila jibu. Wenzao walijua sababu, ila hawakuwa na namna ya kuisema.

Hedimasta aliniita ofisini. "Kijana, ukiandika hawapo, ofisi ya elimu itaunganisha mikondo. Mwalimu mmoja ataondolewa. Unadhani ni nani?"

Nililiagiza darasa liendelee kujibia, ila jibu liwe moja: "Yuko." Walilishika haraka kuliko somo lolote nililowahi kuwafundisha. Mkaguzi alikuja, akaisoma rejista ofisini, akasifu mwandiko wangu.

Wiki chache baadaye mama mmoja wa kambini alifika na binti yake, mmoja wa wale kumi na tisa. Walikuwa wakirudi kwao. Shule ya huko haingempokea binti bila barua ya uhamisho, na bila shule asingesajiliwa kufanya mtihani wa darasa la nane.

Hedimasta alijua nakala ya barua hiyo ingefika ofisi ya elimu. Akafungua rejista yangu.

"Mama, huyu hajakosa hata siku moja. Nitamhamishaje mtoto aliye darasani?"

"Si huyu hapa, nimemshika mkono?"

"Hapa imeandikwa yuko. Hata leo asubuhi."

Mama akanigeukia. "Mwalimu, ni wewe umeandika hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie. Leo alikuwa amevaa nini?"

Hedimasta alifunga rejista.

Walipotoka niliwakimbilia hadi getini, nikaandika barua kwenye karatasi ya daftari. Muhuri ulikuwa kwenye droo ya hedimasta, kwa hivyo nikatia saini kubwa, kana kwamba ukubwa wake ungeziba pengo. Binti aliisoma yote, akanionyesha tarehe niliyokosea, akangoja niirekebishe. Kisha akaikunja. Hadi leo sijui kama kuna aliyeipokea.

Usiku huo niliapa nitaliruka jina lake. Asubuhi kidole kilifika pale, na mdomo ukalitamka kama kawaida.

"Yuko, mwalimu," akajibu mwenzake wa dawati, akijisogeza kidogo kwenye benchi, kama anayempisha mtu akae.

Nikaweka alama.