Pakiti ya Kulwa

Salvina, mgawa dawa, alikuwa na mdomo kama wembe, lakini hakuna aliyemkimbia. Zahanati ile ya porini, upande wa Ushirombo, ilikuwa na dirisha moja tu. Ungekimbilia wapi?

Zamani aligawa dawa kwa maneno. Alimwuliza mama nani anamlisha mtoto, nyumbani wako wangapi, bibi yupo au hayupo. Foleni ikafika mpaka kwenye ua wa minyaa. Ndipo mwaka wa sabini na nne Bwana Ansgar, mganga wa zahanati, akaleta utaratibu mpya: vidonge vifungwe mapema kwenye karatasi za kaki, juu pachorwe jua linalochomoza na jua linalozama. Picha iseme, Salvina anyamaze. Salvina akaupenda utaratibu huo kuliko aliyeuleta. Adhuhuri haijafika, dirisha limefungwa, yeye yuko kwake anapalilia karanga.

Siku hiyo Limi, ambaye wote walimwita Mama Kulwa, alikuja na mapacha wake, Kulwa mgongoni anachemka kwa homa, Doto pembeni anatafuna muwa. Salvina akasukuma pakiti moja ya klorokwini.

“Fuata picha. Usiruke hata jua moja.”

“Na mwenzake, dada?”

“Mwenzake anaumwa?”

“Haumwi.”

“Sasa unataka nimtibu uzima? Pisha wenzako.”

Foleni ikacheka. Limi naye akacheka kidogo, akaondoka.

Na Salvina si mgeni. Alizaliwa kwa Wasukuma wa Ibadakuli, na mama yake alilea mapacha. Kiazi kilikatwa kati, kitambaa kilipasuliwa kati; pacha hapewi kitu mwenzake akabaki anatazama. Aliyajua hayo kama jina lake. Picha ya jua ndiyo haikuyajua.

Limi aliporudi baada ya siku chache, Kulwa alikuwa amelegea, macho yamegeuka.

“Dawa ulimpa?”

“Nilimpa, kila jua, kama ulivyosema.”

“Yote?”

“Nusu yake, nusu ya Doto. Ningemnyimaje?”

Bwana Ansgar akamdunga mtoto sindano, likatafutwa lori la pamba limkimbize hospitali ya misheni. Halikumfikisha hai.

Hakuna aliyemlaumu Salvina. Homa ilikuwa kali, walisema. Afadhali wangemtukana, matusi angeyajibu.

Pakiti zilibaki, ila mdomo ukarudishwa kazini. Kila mama aliulizwa, akaulizwa tena. Foleni ikarudi kwenye minyaa, na Bwana Ansgar aliponung'unika, Salvina alimwambia aje akae dirishani mwenyewe.

Masika yaliyofuata Limi akaja na Doto anayetetemeka kwa homa. Salvina alitaka kumsalimia Limi, akakwama, maana hakuwa na jina jingine la kumwita.

“Mama Kulwa,” akasema polepole, “hii ni ya Doto. Vidonge vyote ni vyake, usije uka…”

“Najua, dada.” Limi alikuwa amenyoosha mkono. “Sasa hana wa kugawana naye.”

Nyuma yake watu walikuwa wanasubiri. Salvina hakumwambia apishe.