Ugali wa Njano na Mgeni wa Begi

Mwaka tuliokula ugali wa njano, ule wa mahindi ya msaada, ndio mwaka nilioaibika mbele ya mgeni. Mjukuu wangu Neema, nakuandikia haya kwa sababu baba yako ameniomba nikukataze safari. Ati binti mwenye kazi nzuri wizarani huko Mtumba anawezaje kumaliza likizo akizunguka nchi ya jirani kwa mabasi, begi mgongoni, na nchi yenyewe maskini kuliko yetu? Sikiliza kwanza.

Nilikuwa kigori. Mvua ikanyesha, korongo likajaa, basi la kutoka Kondoa likakwama upande wetu siku mbili. Abiria wakagawanywa majumbani. Sisi Wagogo ndivyo tulivyo, aliyekwama njiani humuulizi kabila, unampa pa kulala. Kwetu akaja msichana wa Kizungu, peke yake, begi kubwa kama ndama. Alikuwa amepita nchi tatu kwa malori na mabasi, na Kiswahili cha kuokoteza. Akamwamkia bibi yangu, "Shikamoo." Akamwamkia mama, "Shikamoo." Akanifikia na mimi, "Shikamoo!" Tulicheka mpaka kuku wakakimbia.

Lakini alikuwa na njaa, nilimwona akichungulia jikoni. Na jikoni kulikuwa na ule ugali wa njano na mlenda. Nikaona haya. Nikasema moyoni, huyu atatuona tunakula chakula cha kuku. Nikamwambia, "Hatujapika."

Bibi akanigeukia. "We binti, moshi unatoka juu ya tembe, unasema hatujapika? Huyo hana macho?"

"Bibi, ugali wenyewe ule..."

"Ndio tulio nao! Unataka azimie hapa nikawaambie nini watu wa kwao? Pakua!"

Nikapakua. Msichana akanawa, akakaa chini kwenye ngozi, akamega kwa mkono. Mlenda ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko, akaulamba. Akaomba tena! Kesho yake akaingia na wanaume kulisukuma basi, matope magotini, anaimba nao wimbo asioujua maneno. Nilimtazama nikasema, kumbe mwanamke anaweza kuwa hivi. Hakutuonea huruma, hakutucheka. Aliyetudharau siku ile ni mimi.

Basi mwanangu, ukifika huko usijifanye tajiri kwa kuwa umetoka mji wa wizara. Ukikaribishwa, kaa chini ule. Usijifungie na biskuti zako. Ukiona mama wa watu anakuficha sufuria, ujue anaona haya kama mimi. Mwambie tu una njaa. Salimia kila mtu, hata ukikosea wakakucheka, waache wacheke. Basi likikwama, shuka usukume. Mungu akutangulie barabarani, kila mlango utakaobisha akufungulie mtu mwenye moyo, na urudi kwetu mzima.

Baba yako alikuja tena jana. "Mama, nakuomba, mkataze."

Nikamwambia, "Simkatazi. Mwenyewe nilitamani kwenda, sikwenda."

Akanywa chai yangu yote, akafuta mdomo, akaanza upya. "Lakini mama, nchi ile hata barabara..."

"Simkatazi. Mwenyewe nilitamani kwenda, sikwenda."