Jiwe la Nyuzi Lililoingia Kifuani mwa Emerensiana

Saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Ufipa bado haijaachia mabati ya mtaa wa Mazwi, na Emerensiana ameshanyunyizia maji sakafu ya ghala mara mbili. Anachovya vidole kwenye kopo, ananyunyiza, anangoja. Mwale wa jua unapenya dirishani. Anaukodolea macho kama anayetafuta chuya kwenye mchele: kuna kitu kinachoelea? Hakuna. Ndipo anakaa kwenye kigoda, anavuta ungo na kuanza kuchambua maharage.

"Zamani vumbi nililiona zuri," anasema, kisha anatulia kidogo ili pumzi imfikie. "Likipita kwenye jua lilikuwa linameta. Tuliliita pumzi ya jiwe."

Ana miaka arobaini na tisa. Kutoka kwake hadi ghala hili la Saad, mwenye duka aliyemwonea huruma akampa kazi ya kukaa, mtu mzima mwenye afya hutembea dakika kumi. Yeye huchukua arobaini. Husimama mara tano njiani: kwenye bomba la maji, kwa fundi baiskeli, kwenye kisiki, kwenye ukuta wa shule, na mlangoni, ambapo hujifanya anatikisa kandambili ili watu wasimwone anavyohema.

Pumzi zake aliziacha kwenye poda.

Mwaka 1970, katika kijiji cha ujamaa upande wa Pito, wanawake thelathini na wawili waliunda kikundi cha kutengeneza poda ya kujipaka kwa kutwanga mawe. Ya dukani ilikuwa shida kupatikana, na Ufipa mtoto hazaliwi pakavu, bila poda. Mama akishajifungua, majirani huja na vigelegele, wanampaka poda shingoni na kifuani mpaka anakuwa mweupe kama aliyenyeshewa unga. Asiyepakwa hujiona amezaa peke yake.

Mawe yalitoka kwenye mteremko wa bonde, mengine laini kama sabuni, mengine yakigongwa yanafumuka nyuzi ndefu, nyeupe, zenye rangi ya kijani kwa mbali. Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa nchi nyingine asingelifanya. Wafipa ni watu waliofuma nguo zao wenyewe tangu enzi za mababu. Bibi yake Emerensiana alisokota pamba mpaka uzee ukamnyang'anya macho. Walipoona jiwe linatoa uzi, waliliona ni baraka. Lile laini wakalitupa kando. Lile la nyuzi ndilo walilolipeleka kinuni.

"Tulilichagua kwa mikono yetu," anasema. "Lenye uzi mrefu kuliko yote tuliliwekea akiba ya sikukuu."

Miaka kumi alitwanga, akachekecha kwa kitambaa chepesi, akajaza makopo. Kila mwezi alipata kama shilingi mia moja na themanini, akasomesha watoto watatu. Kila alipozaliwa mtoto kijijini, kikundi kilitoa kopo moja la zawadi, na mpakaji alikuwa yeye, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi.

Kikohozi kilianza mwaka 1977. Alikunywa mwarobaini, akanywa asali, akatumia dawa za kifua kikuu miezi sita bila nafuu. Mwaka jana, 1980, daktari wa hospitali alimpiga picha ya kifua, akaiinua dirishani, akamwuliza kazi yake. Alipotajiwa jiwe, aliomba aletewe. Alilichana kwa ukucha, kisha akamweleza kwamba poda yenyewe si kitu, ila ndani yake mmeingia asbesto, na nyuzi zake zikishafika kwenye mapafu hazitoki.

Emerensiana alikipelekea kikundi habari. Aliomba kinu kisimame. Hawakumsikiliza, maana poda ilikuwa ndiyo karo, ndiyo chumvi. Akafungua madai ya fidia mahakamani dhidi ya kikundi, na kijiji kikachemka.

Aliyemsema zaidi ni Cornelia, mweka hazina wa kikundi, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Alimfuata kisimani mbele ya watu.

"Mama Basil, hebu nieleze. Kikundi ni mali yetu sote, na wewe jina lako ni la nne kwenye daftari. Sasa unamshtaki nani? Umejikamata mwenyewe shati unajipeleka polisi?"

Watu walicheka. Hata Emerensiana alicheka, ingawa kicheko kilimgeuka kikohozi.

Swali hilohilo alilikuta mahakamani mwezi wa Julai. Hakimu alitaka kujua anamdai nani, ikiwa yeye mwenyewe ni mmoja wa wenye mali. Emerensiana alisimama akiwa ameshika mbao za kizimba.

"Mheshimiwa, tuko thelathini na wawili. Fungu langu la kosa nalibeba mwenyewe, wala silitakii fidia. Nadai mafungu mengine thelathini na moja. Na kama hawana cha kunipa, basi iandikwe tu kwamba jiwe hili linaua, na muhuri upigwe."

Ukumbi uliguna. Mwenyekiti wa kikundi akajibu kwamba mawe yako Ufipa tangu dunia iumbwe, na hajasikia jiwe limeua mtu isipokuwa limemwangukia.

Emerensiana aliomba jiko la mkaa la mama muuza chai aliyekuwa nje. Likaletwa. Alitoa vifundo viwili kwenye leso: kimoja pamba, kingine nyuzi za jiwe. Pamba ilishika moto, ikaisha kabla karani hajamaliza kuandika. Nyuzi za jiwe zilikaa juu ya makaa, zikawa nyekundu kama makaa yenyewe. Alizitoa kwa koleo, akazipuliza. Zikarudi nyeupe vilevile, laini vilevile. Hakuna hata unywele uliopungua.

Hakimu alivua miwani. Waliokuwa nyuma walisimama juu ya mabenchi. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Moto umelishindwa," alisema Emerensiana taratibu. "Pafu langu litaliwezea wapi?"

Siku hiyo mahakama iliamuru kinu kisimame, mawe yapelekwe Dar es Salaam kupimwa, na madai yasikilizwe majibu yakirudi. Bado hayajarudi. Huenda atalipwa, huenda hatalipwa, na mwenyewe hajui kama kifua kitamsubiri.

Kinachomnyima raha ni zile shingo alizozipaka. Anazikumbuka kwa majina, mmojammoja, na mkwe wake akiwemo. Daktari amemwambia waliopakwa siku moja si sawa na waliotwanga miaka kumi. Anashukuru kusikia hivyo, lakini haachi kuwahesabu.

Wiki iliyopita Cornelia alifika ghalani. Hakukaa. Alisimama mlangoni muda mrefu, akishika fremu, na Emerensiana alikuwa ameshaijua pumzi ile kabla hajamwona uso. Ni pumzi yake mwenyewe.

"Ile picha ya kifua," aliuliza Cornelia, akitazama maharage, "foleni yake huanza saa ngapi?"

Jumatatu watakwenda pamoja, na wanawake wengine tisa wameshaandikisha majina. Emerensiana anataka wafike wote thelathini na wawili, ili madai yawe mamoja na swali la nani anamshtaki nani life lenyewe.

"Tutaondoka saa kumi na moja alfajiri," anasema. "Hospitali si mbali, lakini sasa tunaosimama njiani tutakuwa wengi."